Kitabu Katika Njia ya Jangwa

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni katika kipindi cha asubuhi. Tunayachapa kwa ajili ya wale walioyakosa. Somo: Matendo ya Mitume 8:26–40.)

Mliokwisha kunywa chai, kaeni karibu. Nanyi mnaokamua mbuzi au mnaongoja gari kando ya njia, tegeni sikio moja tu, latosha.

Tumepata barua kutoka Diff. Kwa wasiopajua, Diff ni mji mdogo wa Wajir Kusini, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia. Ni nchi ya ngamia na mbuzi, ya mchanga na miti ya miiba, ambako mvua ikikosa watu hawazungumzi jambo lingine. Aliyeandika ni kijana aliyemaliza kidato cha nne. Mzazi wake alihamishiwa huko kikazi, na jamaa yote ikafuatana naye. Kijana huyu anasema anapenda sana kusoma hadithi. Anavyo vitabu vitatu tu, naye amevirudia hata majalada yametoka. Jioni moja baba yake alimkuta amejilaza mkekani na kitabu, akamwuliza: "Wewe si umemaliza kusoma? Sasa hicho ni cha nini?" Tena ndugu mmoja katika ushirika wao mdogo wa Jumapili akamwambia kwamba hadithi za kubuni ni uongo, na Mkristo hana ruhusa ya kujifurahisha kwa uongo. Basi kijana anauliza: kusoma kwa kujifurahisha ni dhambi? Na kama si dhambi, je, si uvivu?

Nitamjibu leo mbele yenu nyote, kwa maana nadhani wenye swali hili ni wengi, ila mmoja tu ndiye aliyenunua stempu.

Kwanza, tuitazame lugha yetu wenyewe, maana imetutega kidogo. Katika Kiswahili twasema mtoto "anasoma darasa la sita", na mtu mwenye shahada "amesoma sana". Neno moja hilo hilo latumika kwa kwenda shule na kwa kufungua kitabu. Ndiyo maana kijana akipokea cheti chake husema, "Nimemaliza kusoma." Hakuna mtu asemaye, "Nimemaliza kula," akiwa na maana kwamba hatakula tena mpaka afe! Lakini kusoma twakumaliza. Twakumaliza siku ya mtihani wa mwisho, na daftari nyingine zachomwa moto jioni ile ile nyuma ya bweni.

Sisi watu wa kanisa tuna sehemu yetu katika jambo hili. Kule Buganda, katika miaka ya 1880, watu waliofuata dini mpya waliitwa kwa Kiganda "abasomi", yaani wasomaji. Kati yetu Kenya, Wakikuyu waliwaita Wakristo wa misheni "athomi", maana yake ni ile ile. Mkristo alikuwa ni mtu asomaye. Ni jina zuri, nami naliona fahari. Lakini mara nyingi mtu alitakiwa ajue kusoma kabla ya kubatizwa, na baadaye alitakiwa asome ili apate kazi ya ukarani au ualimu. Kidogo kidogo kitabu kikawa kama tikiti ya kuingilia mahali. Na tikiti, mtu akiisha kuingia, huitupa chini. Kwa hiyo yule mzee wa Diff hakusema neno la ajabu. Alisema tu lile ambalo shule zetu, na pengine makanisa yetu, yamewafundisha watu kwa muda mrefu.

Sasa twende kwenye Neno. Mlio na Biblia fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 8, toka mstari wa 26. Mtakutana na mtu mmoja ambaye nampenda kupita wengi wa watu wakubwa wa Maandiko. Ni towashi wa Kushi, mtunza hazina wa Kandake, malkia wa nchi hiyo. Kandake halikuwa jina la mtu, lilikuwa cheo, kama vile Farao. Na Kushi ile ilikuwa kusini ya Misri, kando ya Mto Nile, katika nchi ambayo leo twaiita Sudani. Mji wake mkuu ulikuwa Meroe. Basi mtu huyu alikuwa amesafiri kutoka huko mpaka Yerusalemu kuabudu, na sasa anarudi. Njia yenyewe, Luka anaeleza wazi, ni ya jangwa. Naye ameketi garini mwake, anasoma kitabu cha nabii Isaya.

Nani alimtuma asome? Hakuna. Alikuwa na mtihani gani mbele yake? Mtu huyu alikuwa tayari amepanda juu kabisa: hazina yote ya malkia ilikuwa mikononi mwake. Hakuhitaji cheti. Tena vitabu vya siku zile vilinakiliwa kwa mkono, herufi kwa herufi, navyo vilikuwa ghali. Jua linawaka, safari ni ndefu, wengine katika msafara yamkini wamelala. Yeye anasoma. Na anasoma kwa sauti, maana Filipo alipokaribia alimsikia. Hivyo ndivyo walivyozoea watu wengi wa zamani.

Liko jambo jingine hapa ambalo nalipenda mno. Mtu huyu alikuwa haelewi. Filipo alipomwuliza kama anayafahamu yale anayoyasoma, alijibu bila haya kwamba hawezi kuelewa pasipo mtu wa kumwongoza. Lakini alikuwa hajakifunga kitabu! Vijana wengi huniambia, "Mchungaji, nilijaribu kitabu fulani, nikakuta maneno magumu ukurasa wa kwanza, nikaacha." Towashi hakuacha. Alisoma asilolielewa kwa sababu kuna kitu ndani yake kilichomvuta. Mtu avutwaye na kitabu hivyo, hata akikwama, yu katika hali njema kuliko yule aliyekariri majibu yote wala hakupenda hata neno moja.

Mnajua yaliyofuata. Filipo akapanda garini, akamweleza habari za Yesu, wakafika penye maji, akabatizwa. Hapo ndipo wengi wetu tuhubirio hukoma. Lakini someni mstari unaofuata. Walipopanda kutoka majini Filipo alichukuliwa na Roho, na yule towashi hakumwona tena. Mwalimu wake alikaa naye kwa sehemu ya safari moja tu, akaondoka ghafla, asirudi. Naye towashi akafanyaje? Hakulia, wala hakugeuza gari kwenda kumtafuta. Akashika njia yake na furaha. Luka hatuambii kitabu kiliwekwa wapi, lakini mimi sioni mahali pengine pa kukiweka ila pale pale magotini pake.

Ndugu zangu wa Garissa, Wajir na Mandera, ninyi mnajua kuliko sisi wengine maana ya mwalimu kuondoka ghafla. Yamekuja katika siku zetu. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilitekwa, watu 28 wakauawa, na miongoni mwao walikuwa walimu waliokuwa wakienda makwao kwa likizo ya Krismasi. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa alfajiri, watu 148 wakafa, wengi wao wanafunzi, na wengine walikuwa katika maombi ya asubuhi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na baada ya hapo Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji wa sehemu hizo. Siwalaumu walioondoka. Mtu ana watoto, ana mama mzee. Wala siwezi kumsahau Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, ambaye Desemba 2015 basi lao lilipozuiwa karibu na Mandera alikataa pamoja na abiria wenzake Waislamu kujitenga na Wakristo. Alipigwa risasi, akafa mwezi uliofuata. Mungu anawajua walimu wake.

Lakini baada ya mazishi na uhamisho, mtoto alibaki darasani. Dawati lipo, ubao upo, mwalimu hayupo. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini, maana hii ndiyo sababu ya mimi kulichukua swali la kijana yule kwa uzito. Mtoto aliyefundishwa kwamba kusoma ni kwa ajili ya alama peke yake, mwalimu akiondoka naye huondoka kitabuni. Hana sababu ya kuendelea. Hakuna wa kumsahihishia. Lakini mtoto aliyewahi kuonja utamu wa kusoma, hata mara moja, utamshindaje? Atasoma gazeti la mwaka juzi. Atasoma karatasi iliyofungia mandazi, tena ataigeuza upande wa pili aone habari iliishaje. Huyu hakuachwa peke yake. Kwa hiyo, mwanangu uliyetuandikia, ule mkeka uliojilaza si mkeka wa uvivu. Unaposoma bila kulazimishwa na mtu, ndipo umejifunza kusoma kweli kweli.

Nitawapa mfano wa huko huko kwenu. Oktoba 1996 Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya lilianzisha maktaba ya ngamia katika Garissa. Walianza na ngamia watatu. Watu wa Nairobi walicheka kidogo, wapiga picha wa nchi za nje wakaja mbio, lakini jambo lenyewe lilikuwa la akili za kawaida kabisa. Gari la maktaba hukwama katika mchanga wakati wa kiangazi na katika matope wakati wa mvua. Gari huhitaji mafuta. Ngamia hahitaji mafuta, na pale gari linaposhindwa yeye hupita akitafuna. Ngamia mmoja alibeba masanduku mawili ya vitabu, moja kila ubavu ili mzigo usiegemee upande, karibu vitabu 400 kwa pamoja. Mwingine alibeba hema. Wakifika penye shule au penye makao ya wafugaji, ngamia alipigishwa magoti, masanduku yakashushwa, hema ikasimamishwa, mikeka ikatandikwa, watoto wakaja. Baadaye ngamia wakaongezeka, na Wajir nayo ikapata msafara wake.

Mkutubi wa ngamia alikuwa mtu wa namna gani? Nimefikiri sana juu yake. Hakuwa mwalimu, wala hakuja na kiboko. Hakuuliza maswali mwishoni mwa sura. Alitandika mkeka, akapanga vitabu, akamwachia mtoto achague. Kisha akavifunga vilivyobaki, akaenda zake, na mtoto akabaki na kitabu mpaka msafara urudi. Twaweza kusema alifanya kama Filipo: alikuja penye jangwa, akatoa alichonacho, akaondoka.

Ilikuwako taabu moja, nayo haifai kufichwa. Vingi vya vitabu vile vilikuwa vya Kiingereza, vingine vya Kiswahili, na vya Kisomali vilikuwa vichache. Kisomali kilipewa maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972 tu, kule Somalia. Mwaka 1974 serikali ya huko ilifunga shule za sekondari kwa muda, ikawatuma wanafunzi na walimu vijijini na penye malisho wakawafundishe wafugaji kusoma. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini herufi bila kitabu cha kupendeza ni kama kumpa mtu kibuyu bila maziwa. Atakishika kwa adabu siku mbili tatu, kisha ataking'inia ukutani. Mtoto husoma kwa raha kwanza katika lugha aliyobembelezewa nayo. Wenye uwezo wa kuandika na kuchapa hadithi za Kisomali wajue kwamba wana wasomaji wanaongoja.

Maana hadithi zenyewe zipo! Nani hajui kwamba Wasomali ni watu wa mashairi? Mfugaji ambaye hakukanyaga shule aweza kukuimbia shairi refu juu ya ngamia wake bila kukosa neno. Na ni mtoto gani wa kwao asiyemjua Dhegdheer, yule mwanamke mla watu mwenye sikio refu, au Arawelo, malkia aliyewatesa wanaume? Watoto hutetemeka, hujificha nguoni mwa nyanya yao, kisha husema, "Tusimulie tena." Hiyo ndiyo furaha tunayoizungumzia. Kitabu hakikuja kuiua. Kitabu ni nyanya ambaye halali usingizi.

Sasa lile swali la uongo. Ndugu yetu wa ushirika alisema kwa nia njema, najua, tena yako mambo mabaya yanayoandikwa. Lakini hadithi ya kubuni na uongo ni vitu viwili. Mwongo hutaka umwamini ili akuibie. Msimulizi anakuambia tangu mwanzo, "Hapo kale," nawe unajua, naye anajua kwamba unajua. Bwana wetu alisimulia habari za baba mwenye wana wawili. Je, kuna mwanafunzi aliyemwuliza ni baba yupi, wa kijiji gani? Hakuna.

Tena yuko nabii Nathani, katika 2 Samweli 12. Daudi amemchukua mke wa Uria, amemwua Uria kwa upanga wa maadui, na amenyamaza. Nathani angemjia na amri ya Musa mkononi. Badala yake alimjia na hadithi ya wafugaji: tajiri mwenye mifugo mingi, na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja wa kike tu, aliyekula chakula chake na kulala kifuani pake. Tajiri akapata mgeni, akaacha kuchinja wa kwake, akamtwaa yule mmoja wa maskini. Mtu wa Diff haitaji kufafanuliwa habari hii. Anajua mnyama mmoja ni nini kwa mtu asiye na wa pili. Daudi naye alikuwa mchungaji tangu utoto. Hasira ikamwaka. Ndipo Nathani akamwambia kwamba yeye ndiye mtu huyo. Hadithi ilipita mlango ambao amri ingeukuta umefungwa. Kondoo yule hakuwako duniani, lakini hasira ya Daudi ilikuwa ya kweli.

Hali kadhalika kwa waandishi wetu. Shaaban Robert alipoandika Kusadikika, iliyochapwa mwaka 1951, alibuni nchi isiyokuwapo kwenye ramani yo yote, iliyo hewani. Lakini aliyekisoma alizijua baraza za nchi yake mwenyewe vizuri zaidi. Na marehemu Ken Walibora, aliyetutoka mwaka 2020, alitoa Siku Njema mwaka 1996, mwaka ule ule ngamia wa Garissa walioanza safari. Ni habari za kijana anayemtafuta baba yake. Riwaya hiyo ilitahiniwa katika shule za sekondari, nami nimekutana na watu wazima ambao, ukiitaja, jambo la kwanza wanalokumbuka ni maswali ya mtihani. Kisha wakiisoma tena wakiwa na miaka arobaini, bila kalamu mkononi, wanashangaa. Wanasema, "Kumbe ni hadithi!" Naam, ilikuwa hadithi tangu mwanzo. Ni sisi tuliowafanya waione kama mlima wa kupandwa.

Mtaniuliza, je, basi kijana asome kila kitu? La. Kitabu kinachokufanya umdharau mwanamke, au kinachokufundisha kumchukia jirani kwa ajili ya kabila au dini yake, kiweke chini, hata kama kimepambwa. Lakini sitaki kuwapa orodha ndefu ya makatazo, maana orodha za namna hiyo ndizo zilizowafanya vijana wengi kudhani kitabu cho chote chenye kicheko si cha Mkristo. Someni vya kuchekesha. Someni vya safari, vya wanyama, vya upelelezi. Someni simuni kama ndiko mlikopata kitabu. Mimi sina ugomvi na simu, ila naona ina tabia ya kumvuta mtu mkono kabla hajamaliza ukurasa. Na mkianza kitabu kikawachosha, kiacheni, mchukue kingine. Hapana sheria inayosema lazima ukimalize. Mlionitumia barua kuulizia jambo hilo, nadhani nimewapa ruhusa.

Sasa nina neno kwa wewe baba, wewe mzee wangu. Sisemi nawe kwa kukusuta. Umefanya kazi mbali na kwenu ili mwanao apate cheti, na sasa unamwona amelala na kitabu, kazi hana, nawe moyo wakuuma. Ni haki yako umtume maji na kuni, umtume dukani, na mtoto mwema atakwenda. Lakini akiisha kurudi, usimwulize amefika ukurasa wa ngapi. Mwulize, "Ikawaje?" Neno hilo moja tu. Mwache akusimulie jioni, mama naye asikie, na wadogo zake. Utashangaa. Yamkini siku ya tatu utamwuliza wewe mwenyewe kabla hajaketi. Na mtoto anayesikilizwa na babaye kwa nusu saa hana haja ya kutafuta wa kumsikiliza mahali pabaya. Mpakani pale, ninyi mnajua ni watu gani wanaowatafuta vijana wasio na kazi, na maneno matamu wanayowaambia. Kijana aliyezoea kusoma habari za watu wengi haamini upesi maneno ya mtu mmoja.

Na ninyi ndugu wa ushirika ule mdogo, wauguzi, askari, walimu mliobaki, nawaomba jambo. Tafuteni sanduku moja. Jengo si lazima. Ngamia hawakuwa na jengo. Kila aendaye likizo Nairobi, Mombasa au Kisumu arudi na vitabu viwili, hata vya mitumba, vya hadithi, si vya masahihisho ya mtihani. Kwanza nendeni mkazungumze na wazee wa mji, mwaonyeshe vitabu vyenyewe kimoja kimoja, wavione. Majirani zetu Waislamu wana heshima ya kale kwa kusoma. Wao hufundisha kwamba neno la kwanza aliloshushiwa Mtume wao lilikuwa amri ya kusoma, na watoto wao huandika juu ya mbao kabla ya kwenda shule ya serikali. Hamtakuwa mnawaletea jambo geni. Kisha mwachieni kila mtoto wa mji aazime, wa kwetu na wa kwao. Na tafadhali, msifiche trakti katikati ya kurasa. Kitabu cha hadithi kiwe cha hadithi. Ukimpa mtoto wa jirani zawadi yenye ndoana ndani, mama yake ataiona, na sanduku lenu litakuwa limefungwa siku hiyo hiyo. Mpeni kitu chema kwa kuwa ni chema.

Kitabu kimoja kitapotea. Mbuzi atakula kingine. Andikeni hasara katika daftari na mwendelee.

Kabla sijamaliza, kumbukeni mtu mwingine katika Maandiko, yule mzee aliyekuwa kifungoni. Paulo, katika waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 4, anajua kwamba wakati wake wa kufa umekaribia. Rafiki wengine wamemwacha. Baridi inakuja. Anamwomba Timotheo amletee joho alilomwachia Karpo huko Troa, na pamoja na joho, vitabu, zaidi sana vile vya ngozi. Hatujui vilikuwa vitabu gani. Baadhi ya wafasiri hudhani ni Maandiko, wengine hudhani ni karatasi zake mwenyewe. Mimi naona tu mzee aliyemaliza kazi yake yote, aliyeandika nyaraka ambazo dunia ingezisoma, asiyekuwa na mtihani wo wote mbele yake ila ule wa mwisho, naye anataka vitu viwili: nguo ya kujikinga baridi, na kitu cha kusoma.

Tuombe. Ee Bwana, uwalinde madereva na abiria katika barabara za Wajir, Garissa na Mandera juma hili. Uwanyeshee mvua watu wa Diff na mifugo yao. Uwafariji waliofiwa na watoto wao katika Garissa, ambao kila mwezi wa Aprili ni mgumu kwao. Uwape nguvu walimu walio peke yao katika shule zao asubuhi hii, na uwatume wengine. Katika jina la Yesu. Amina.